Tarehe 20 Oktoba ina mkosi ama ni sisi tumeipa uzito? Jibu kwa mama wa Nakuru

"Mwalimu habari. Niko Nakuru, Free Area. Binti yangu yuko Gredi ya 8 na alizaliwa 20 Oktoba saa nane usiku. Shuleni wameambiwa kila mtu atafute mambo makubwa yaliyotokea siku yake ya kuzaliwa halafu asimame mbele ya darasa aeleze. Kwa grupu letu la WhatsApp la familia kukatumwa listi: 1952 Emajensi na Mzee Kenyatta kushikwa, 1956 Kimathi kupigwa risasi na kushikwa, 1968 Kipchoge Keino kushinda dhahabu Mexico, 1973 Nixon kufukuza mtu aliyekuwa anamchunguza, 2011 Gaddafi kuuawa, 2020 vijana kupigwa risasi Lekki huko Lagos. Chini kumeandikwa hii tarehe si ya kawaida, fowadi kwa watu kumi. Mama mkwe wangu amepita miaka 80, alikulia shamba la mzungu upande wa Elburgon, na aliposomewa hiyo listi alinyamaza sana halafu akasema amejua tangu utotoni hiyo siku ina mkosi, na hataki mtoto asimame mbele ya watu kuitangaza. Sasa mtoto ananiuliza kama na yeye ana mkosi. Tena kitabu kimoja kinasema Kenyatta alishikwa tarehe 20, kingine 21. Nimwambie nini?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kirefu hivi, kwa sababu swali lako kwa kweli ni maswali matatu yamefungwa pamoja: kama hiyo listi ni ya ukweli, kama ni kawaida mambo makubwa hivyo kuangukia tarehe moja, na la tatu ambalo naona ndilo linakunyima usingizi, mtoto ameanza kujiona ana nuksi. Naanza na hilo la tatu, hayo mengine yanaweza kungoja.

Binti yako hana mkosi wowote. Mwambie hivyo leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Halafu kaa naye mfanye hesabu hii ndogo: sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, ukigawanya kwa siku 365 unapata kama watu 130,000 kwa kila tarehe ya mwaka. Ni makadirio tu, watu hawazaliwi sawasawa kila siku, lakini hata ukipunguza bado unabaki na umati ambao uwanja wa Afraha hauwezi kuumeza. Wote hao walizaliwa 20 Oktoba kama yeye, na ndani yao kuna manesi, makanga, wakulima wa Njoro, wanafunzi, mapasta, watu wa kila aina ya bahati. Tarehe ikibeba mkosi lazima iwabebee wote hao, na maisha yao hayaoneshi kitu kama hicho.

Sasa listi yenyewe. Nimefundisha historia na bado nashinda kwa rekodi za zamani, na naweza kukuambia aliyeiandika hakutunga kila kitu, mengi ni ya kweli. Gaddafi aliuawa Sirte, Libya, tarehe 20 Oktoba 2011, baada ya kutawala tangu 1969. Vijana wa Nigeria waliokuwa wanaandamana kupinga ukatili wa polisi walipigwa risasi kwenye lango la kulipia barabara la Lekki, Lagos, usiku wa 20 Oktoba 2020. Keino ni kweli, 1968. Nixon, rais wa Marekani, ni kweli, 1973. Emajensi, yaani hali ya hatari, ni kweli, gavana wa mkoloni Evelyn Baring aliisaini 20 Oktoba 1952, ilikuwa Jumatatu.

Kimathi ndio hapana. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipigwa risasi ya mguu na kushikwa Nyeri alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Yaani mtu alikuwa na tarehe ambayo iko karibu kabisa, siku moja tu, akaisogeza ikae vizuri kwa listi yake. Pengine hata hakujua amefanya hivyo. Hili ni jambo naliona kila mwaka Oktoba ikikaribia na naomba ulikumbuke: tarehe ikishakuwa maarufu inaanza kuvuta majirani zake. Kitu kilichotokea 19 ama 21 ama hata mwezi huo tu kinaambiwa ni cha 20, halafu mtu wa pili anakopi kwa wa kwanza na wa tatu anakopi kwa wa pili, na ukienda kwa intaneti unakuta saiti nyingi zinasema kitu kimoja unafikiri huo ni ushahidi kumbe zote zimetoka mdomo mmoja.

Tuje kwa Kenyatta maana hapo vitabu vyako vyote viwili vina sababu. Baring alikuwa hata hajamaliza mwezi tangu afike Kenya kuchukua kazi. Mapema mwezi huo Chifu Waruhiu alikuwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake na masetla walikuwa wanapiga kelele serikali ifanye kitu. Gavana akasaini hati jioni ya tarehe 20. Usiku huo huo wanajeshi wa Uingereza, Lancashire Fusiliers, wakaletwa kwa ndege kutoka Misri, na polisi wakatoka na majina mkononi wakaanza kugonga milango kabla habari hazijaenea, operesheni yenyewe waliiita Jock Scott. Kenyatta alichukuliwa nyumbani kwake Gatundu usiku wa manane. Kwa saa ya ofisini hiyo tayari ni tarehe 21, kwa mtu aliyelala tarehe 20 akaamshwa gizani ni usiku ule ule. Kwa hivyo mwenye kuandika 20 anafuata hati, mwenye kuandika 21 anafuata saa, na binti yako akiandika "usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952" hakuna mwalimu atamkosoa.

Na hapa umwoneshe kitu kitakachompendeza. Yeye mwenyewe alizaliwa saa nane usiku, cheti kikaandikwa 20, na kiko sawa kabisa kwa sababu saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Lakini waliokaa na wewe usiku ule hospitalini wangeweza kuapa ilikuwa bado ni usiku wa 19. Angewahi kwa masaa mawili na kidogo, tarehe ingebadilika na mtoto angebaki yule yule.

Saa zinaleta shida nyingine kubwa zaidi ambayo watu wa listi hawaiangalii, nayo ni kwamba dunia haigeuzi kalenda pamoja. Mexico City iko nyuma yetu masaa 9. Chochote kilichofanyika huko tarehe 20 Oktoba 1968 baada ya saa tisa alasiri, huku kwetu Nandi na Eldoret kilikuwa tayari ni tarehe 21, watu wamelala. Hiyo ya Nixon ni wazi zaidi, ilitokea Jumamosi jioni Washington, 20 Oktoba 1973: rais akaamuru Archibald Cox aliyekuwa anachunguza kashfa ya Watergate afutwe kazi, mwanasheria mkuu Elliot Richardson akakataa akajiuzulu, naibu wake naye akakataa, hadi wa tatu ndiye akakubali kutia sahihi. Wakati Wamarekani wanaitazama hiyo habari kwa televisheni usiku, Nakuru ilikuwa inakaribia alfajiri ya Jumapili tarehe 21. Na siku hiyo hiyo ya 20, masaa mengi kabla ya hayo, Malkia Elizabeth alikuwa Sydney, Australia, anafungua ile nyumba ya opera yenye mapaa kama matanga. Ni tarehe moja, mwaka mmoja, lakini ukipanga kwa saa ya Kenya moja imeangukia asubuhi ya Jumamosi na nyingine Jumapili kabla ya jogoo. Ukirudi nyuma zaidi unakuta hata kalenda zenyewe hazikuwa moja. Warusi walipindua serikali yao Oktoba 25 kwa kalenda yao ya 1917, kwa kalenda tunayotumia sisi ilikuwa Novemba 7, ndio maana Mapinduzi ya Oktoba yakawa yanasherehekewa Novemba.

Kwa hivyo kabla hujashangaa vitu viwili kuwa siku moja, uliza kwanza: ni siku ya nani, na kwa saa ya wapi?

Sasa swali la pili, mbona ni mengi hivyo. Hapa nitaenda polepole kwa sababu ndipo hofu inapozaliwa. Mwaka una tarehe 366 tu ukihesabu na 29 Februari. Mambo makubwa ya dunia, vita, vifo vya viongozi, nchi kupata uhuru, medali, ajali, ni maelfu kwa maelfu na yanaongezeka kila mwaka. Lazima yarundikane. Haiwezekani yasirundikane. Kile kitu kingetushangaza ni kupata tarehe ambayo haina kitu.

Kuna jaribio ambalo walimu wa hesabu wanalipenda na mtoto anaweza kulifanya darasani siku hiyo hiyo ya kusimama mbele. Chukua mechi ya Gor na Ingwe, wachezaji 22 na refa mmoja, jumla 23. Uwezekano kwamba ndani ya hao 23 kuna wawili wenye siku moja ya kuzaliwa ni zaidi ya nusu. Watu wakisikia hivyo wanakataa, wanasema siku ni 365 na watu ni 23, itawezekanaje? Inawezekana kwa sababu hatutafuti mtu wa tarehe fulani, tunalinganisha kila mmoja na kila mwenzake, na ukiwapanga wawili wawili hao 23 wanatoa jozi 253. Darasa la watoto 50 linatoa jozi 1,225 na uwezekano unafika kama asilimia 97. Lakini ukibadilisha swali ukauliza, kuna mwingine hapa wa 20 Oktoba kama mimi? uwezekano unaanguka hadi kama 13 kwa 100. Maswali yanafanana kwa sikio lakini ni vitu viwili tofauti. Mtu wa listi anatumia lile la kwanza, lenye mlango mpana, halafu anakufanya uhisi ni lile la pili.

Na mlango unazidi kupanuka kila ukiongeza nchi, ukiongeza karne, ukiruhusu na siku ya jirani. Raila Odinga alizikwa Bondo tarehe 19 Oktoba 2025, mkesha wa Mashujaa, sikukuu yetu ya 20 Oktoba. Mtu akitaka anaweza kusema hiyo nayo ni 20 Oktoba karibu. Kimathi 21, nayo ni karibu. Ukishakubali siku moja kushoto na moja kulia umejipa nafasi mara tatu ya kushangaa.

Ukitaka mtoto aelewe kabisa bila hesabu, mwambie achague tarehe nyingine yoyote ambayo haina sherehe Kenya. Mimi nikiambiwa nichague ningempa 9 Oktoba. Uganda ilipata uhuru 9 Oktoba 1962. Che Guevara aliuawa Bolivia 9 Oktoba 1967. Barack Obama, ambaye baba yake ni wa Kogelo hapa Siaya, alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani 9 Oktoba 2009. Malala Yousafzai alipigwa risasi ya kichwa Pakistan 9 Oktoba 2012 akiwa mtoto wa shule, akapona. Hiyo listi ina nguvu kama ya kwenu ama hata zaidi, lakini sijaona ikifowadiwa, hakuna anayesema 9 Oktoba ina kitu, na sababu ni kwamba Kenya hatuifungi ofisi siku hiyo kwa hivyo hakuna anayeenda kuitafutia mambo.

Na hapo ndipo kuna jambo moja ambalo si bahati nasibu na sitaki lipotee kwa hizi hesabu. Tarehe nyingine zinafanana kwa sababu watu wamekaa chini wakazifananisha. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri 12 Desemba 1964, hiyo ilipangwa. Tanganyika walifanya vile vile, 9 Desemba 1961 uhuru, 9 Desemba 1962 jamhuri. Na 20 Oktoba haikubaki kwenye kumbukumbu yetu yenyewe tu, ilibebwa. Kwanza ikaitwa Kenyatta Day, mtu mmoja akapewa siku nzima, halafu Katiba ya 2010 kifungu cha 9 ikaitaja kwa jina jipya, Mashujaa, ili iwe ya wote. Mimi naona hayo yalikuwa mabadiliko ya haki kabisa na yalichelewa. Usiku ule walishikwa watu zaidi ya 100, si mmoja na wala si sita. Hao sita tunaowajua, Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, ndio waliopelekwa kushtakiwa Kapenguria.

Mwambie binti yako asimpite Achieng' Oneko haraka. Alitoka Uyoma, upande wa Siaya, alikuwa mhariri wa gazeti la Ramogi kabla ya kushikwa. Alihukumiwa pamoja na wenzake Aprili 1953, akashinda rufaa, mahakama ikasema hana hatia, na bado wakoloni wakakataa kumwachilia wakamweka kizuizini miaka. Uhuru ulipokuja 1963 akachaguliwa mbunge wa Nakuru Mjini. Ndiyo, hapo kwenu, mtu wa Uyoma akichaguliwa na watu wa Nakuru, akawa waziri wa habari. Halafu 1969, ndani ya Kenya huru, serikali ya yule yule aliyefungwa naye ikamweka ndani tena hadi 1975. Hiyo ni stori ambayo watoto wa Nakuru wanafaa kuijua na wengi hawajawahi kuisikia, na ni nzito kuliko listi yote ya WhatsApp.

Sasa niseme juu ya mama mkwe wako, kwa sababu nahisi mnamwona kama anawaletea ushirikina na sidhani ni hivyo. Mtu aliyepita miaka 80 alikuwa mtoto wa miaka saba, nane hivi 1952, anakumbuka. Amekulia shamba la mzungu Elburgon. Kama familia yake ilikuwa ya Wakikuyu waliokuwa maskwota kwenye mashamba hayo, basi baada ya Emajensi kutangazwa, mwisho wa 1952 na mwaka wote wa 1953, watu kama wao walitolewa mashambani Bonde la Ufa kwa makumi ya maelfu wakarudishwa maeneo ya Kati ambayo wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga, walizaliwa hukohuko Elburgon, Molo, Njoro. Waliacha mifugo, waliacha mahindi shambani, wengine walitenganishwa na wazazi wakati wa kuchujwa, yaani kuhojiwa ili kutafuta watu wa Mau Mau. Mtoto mdogo haelewi amri ya gavana, anachoelewa ni kwamba kuna siku watu wazima waliitaja kwa sauti ya chini na baada ya hiyo siku maisha yakaharibika. Akikuambia hiyo siku ina mkosi, huenda hiyo ndiyo njia pekee aliyopewa ya kusema kile walichofanyiwa. Sitasema najua ya familia yenu, wewe ndiye utamuuliza. Lakini tafadhali mtu asimwambie mbele ya mtoto kwamba anaamini mambo ya kizamani.

Sasa afanye nini darasani? Naona njia tatu. Ya kwanza ni kumtii nyanya kabisa, mtoto aombe mada nyingine. Inaleta amani nyumbani, lakini mtoto atabaki na ile hofu ndani na kila mwaka siku yake ya kuzaliwa ikifika itaamka, kwa hivyo ningeichukua tu kama nyanya mwenyewe anaumia sana kiasi cha kukosa chakula ama usingizi. Ya pili ni asome listi yote ikiwa imesahihishwa, Kimathi ameondolewa. Ni rahisi na atapata maksi zake, ila mambo matano kwa dakika tano ni kutaja majina tu, wenzake watasikia vifo vifo vifo halafu wakae na wazo lile lile la mkosi.

Ya tatu ndiyo ningependa. Achukue mawili peke yake, Emajensi ya 1952 na Keino wa 1968, ayaeleze kwa undani halafu aoneshe umbali kati yao. Keino alizaliwa Januari 1940 Kipsamo, Nandi, kwa hivyo usiku wa Emajensi alikuwa mvulana wa miaka 12, umri unaokaribiana na wa binti yako. Miaka 16 baadaye, tarehe ile ile, amevaa jezi ya nchi ambayo 1952 haikuwa huru. Alikuwa anaugua nyongo, kwenye mita 10,000 siku za mwanzo alishindwa kwa maumivu akatoka kwenye njia, akarudi kwenye 5,000 akachukua fedha. Fainali ya 1,500 alikuwa na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia na mwenye mbio kali za mwisho. Wakenya wakaamua wasimngoje. Ben Jipcho akatoka mbele kwa kasi mzunguko wa kwanza ili kumchosha, Keino akachukua uongozi akaendelea kusukuma kwenye ile hewa nyepesi ya mita 2,240 juu ya bahari, na akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun yuko karibu sekunde 3 nyuma. Rekodi hiyo ya Olimpiki ilikaa hadi 1984. Aliyekuwa Ikulu siku hiyo ni yule aliyeamshwa usiku Gatundu. Mtoto akieleza hivyo hahitaji kumwambia mtu yeyote kwamba tarehe haina mkosi, wataona wenyewe kwamba siku ile ile imebeba kilio na shangwe.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na itabidi mtoke nyumbani. Kama shule inataka ushahidi wa karatasi, hifadhi ya taifa ya nyaraka ina kituo cha kumbukumbu hapo Nakuru, na kuna vingine Kisumu na Kakamega, nendeni na barua ya mwalimu mwambie mhudumu mnatafuta rekodi za 1952 na 1953 za eneo lenu. Maktaba ya taifa tawi la Nakuru nayo msiidharau. Mkipata nafasi ya safari, makumbusho ya Kapenguria bado yana vyumba walimofungiwa wale sita, mtoto akiingia mle anaelewa kuliko kusoma kurasa mia. Na kama mtoto ataendelea kukataa siku yake ya kuzaliwa, ama analala vibaya, ama anaanza kuhesabu kila kitu kibaya kama ishara yake, hapo usingoje Oktoba nyingine, ongea na mwalimu wa ushauri shuleni ama mshauri kwenye hospitali iliyo karibu, ana kwa ana, maana hofu ya namna hiyo kwa mtoto wa umri huo inasikia mtu aliyekaa mbele yake kuliko maandishi.

Jambo la mwisho ni kuhusu nyanya. Muulize kwa upole, siku ambayo hakuna haraka, kama angekubali mjukuu wake akae naye na simu arekodi. Usianze na tarehe, anza na shamba: mwenye shamba alikuwa nani, walikuwa wanalala nyumba gani, walikuwa na ng'ombe wangapi, ni nani alikuja kuwaambia waondoke, walipanda lori ama treni, walibeba nini, walifikia kwa nani. Akichoka acheni, mrudi siku nyingine, na akikataa mkubali. Akikubali, mwulize pia kama anataka darasa lisikie ama ibaki ya familia, na jibu lake ndilo lifuatwe hata kama mtoto amejipanga vingine. Na mkishaipata hiyo rekodi msiiache kwa simu moja, tumeni nakala kwa mtu mwingine wa familia na nyingine muiweke kwa email siku hiyo hiyo.